Penalti Iliyongoja Sala

Juzi, hapa Chake Chake, niliingia katika kibanda cha gemu nikiwa na waadhi mkali ulimini juu ya wanaopoteza wakati. Waashi wawili walikuwa wakicheza gemu ya mpira kwenye runinga.

"Leo hulali, ndugu yangu!" alitamba mmoja, akijiandaa kupiga penalti ya ushindi.

Nikasogea nione. Ghafla akasimamisha mchezo, akaiweka pedi ya kuchezea mkekani.

"Shehe, hwendi? Yaadhiniwa Alasiri."

Wallahi, adhana sikuisikia. Macho na masikio yangu yalikuwa kwa kipa.

Tulisali bega kwa bega. Binadamu yumo hasarani, ila wanaousiana haki. Nami namshukuru Mola kwa aliyeniusia. Waadhi niliumeza.

Tuliporudi kibandani, penalti aliikosa. Mimi, kwa ukumbusho wake, Alasiri sikuikosa.