Kipande Kilichobaki Sikioni

Usiku ule Bibi alipokuja, nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba alicholala Sechelela, mtoto wa dada yangu, na nilikuwa nimeapa sitafumba macho. Ilikuwa siku ya tatu ya homa yake. Dada yangu Foibe alikuwa ndani, anamkanda kwa kitambaa cha maji, anamnywesha vidonge vya malaria alivyonunua dukani, anasali kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nje najifanya mlinzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa najificha, maana nilijua haikuwa malaria.

Niseme yote mapema, mtu asije akanionea huruma bure.

Bibi yetu, mzaa mama, sasa ana miaka sita kaburini. Enzi zake ndiye aliyekuwa akitoga masikio ya watu kwetu Ugogoni, kisha akayapanua, mpaka ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, ikaning'inia na kubeba pambo la mti. Alikuwa na vijiti kumi na viwili vilivyotungwa kwenye kamba ya ngozi, kila kimoja kinene kidogo kuliko mwenzake. Cha kwanza chembamba kama unyasi, cha mwisho sawa na dole gumba. Kijiti kilikaa sikioni mpaka kizunguke bila mwenyewe kukunja uso, mwezi, miwili, hata mitatu, ndipo akaleta kinachofuata. Alisugua mikono kwa sabuni mpaka ikawa myeupe, akakipaka kijiti samli. Tundu likitoa damu alirudi kwenye kijiti cha nyuma, na hakujali unamlilia wala unamtukana. Sikio lilimchukua miaka miwili. Watu walipoacha mambo hayo, na vijana wakaanza kwenda hospitali kukatwa ndewe na kushonwa ili wasichekwe kazini, alivitundika vijiti ukutani akanyamaza. Alipofariki aliniachia mimi. Nilijisifu sana kwa hilo, ingawa hakuna mwingine aliyeviomba.

Sechelela ana miaka ishirini, anapiga muheme, ile ngoma ya wanawake inayobanwa mapajani, na kikundi chao kilialikwa kwenye tamasha mjini. Kiongozi wao akataka mabinti waonekane kama bibi zao wa zamani. Wenzake walichonga vipande vya mti wakavibandika kwa gundi. Yeye akaja kwangu.

"Mjomba, mimi nataka ya kweli."

Ilikuwa imebaki miezi minne. Mtu mwenye akili angecheka, akampikia chai, akamrudisha kwao. Mimi kichwa kilinivimba. Nikaona picha zitakavyopigwa, na watu watakavyouliza ni fundi gani huyu, nikamtoga siku hiyo hiyo. Kwao akasema amejitoga mwenyewe.

Mpaka kijiti cha tano mambo yalikwenda, ingawa nilikuwa nakimbia. Kisha nikaruka cha sita na cha saba nikaleta cha nane. Sikio la kulia lilivumilia. La kushoto lilikataa, likatoa damu. Nilijua la kufanya, nilikuwa nimeliona kwa macho yangu mara mia, na sikulifanya. Nilichukua kiini cha bua la mtama, kile cheupe chepesi cha ndani, nikakichonga, nikakibana kwa meno mpaka kikawa chembamba, nikakisukuma kwenye tundu. Kiini kile kinakunywa jasho na unyevu, kinavimba chenyewe, kinalazimisha tundu lifunguke. Zamani wenye haraka walifanya hivyo. Bibi hakuwahi kuweka sikioni mwa mtu kitu kinachokunywa maji.

Siku ya nne sikio lilikuwa la moto na linanuka. Nikavuta kile kiini, kikatoka nusu. Nusu ilibaki ndani, na nyama ikavimba ikaifunika.

"Tusimwambie mama," Sechelela akasema, "atanitoa kwenye ngoma."

Nilikubali upesi mno. Nikampa maji ya chumvi ya kuoshea, akajifunga kanga kichwani, ikafunika sikio na shavu mpaka jichoni, asimruhusu mama yake kuifungua, na siku tatu baadaye akaanguka na homa. Ndivyo nilivyofika kwenye kile kiti.

Nadhani nilipitiwa karibu na alfajiri. Lakini nilikokwenda palikuwa mchana mkali, jua limesimama utosini, hakuna kivuli hata cha nyumba. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa Bibi. Ua ule ulishabomoka, mbuzi wa jirani wanalala pale siku hizi, na mimi nilishangaa tu jinsi ulivyofagiwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, anayeyusha samli kwenye kikaango kidogo. Ndewe zake zilikuwa tupu, zimelala mabegani.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Maisha yake yote hakuwahi kuacha salamu yangu ianguke chini. Angeniita mume wangu, angeuliza mbona mume gani huyu anakuja mikono mitupu, na sote tungecheka. Sasa alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Vijiti vyangu."

Vilikuwa mkononi mwangu, sijui vilifikaje. Nikampa. Alivipapasa kimoja kimoja, kama anavyofanya asiyeona, ingawa Bibi alikufa macho yake mazima. Kimoja. Viwili. Vitatu. Kwenye cha sita vidole vikasimama.

"Hiki kilikaa siku ngapi?"

Nilitaka kusema mwezi, na neno lenyewe nikawa nalisikia ulimini, tayari.

"Siku ngapi?"

"Hakikukaa, Bibi."

Alivishusha chini taratibu. Nikasubiri anigombeze. Natamani angenigombeza, maana matusi ya Bibi yalikuwa na mwisho, ulisimama pale ukayapokea, kisha akakuita ule. Alichofanya ni kuendelea kukoroga samli yake.

Kisha ua haupo. Nimeketi jukwaani, mchana uleule, na mbele yangu watu wamejaa mpaka mbali, wote wamenyamaza. Napiga zeze. Sechelela yuko katikati na ngoma mapajani, anapiga, anatabasamu, na masikio yake yanakua. Yanavimba polepole, yanang'aa, yanateremka shingoni. Watu wanapiga makofi. Nataka kuacha kupiga ili na yeye aache, lakini mkono hauachi, na nikitazama zeze naona uzi wake si uzi. Ni ngozi. Ni ukingo wa ndewe, umevutwa kutoka huku hadi kule, na kila nikiupitishia upinde unalia kwa sauti ya mtu ninayemjua. Nikainua macho nimwombe msamaha. Mahali alipokuwa kuna ngoma peke yake, imelala ubavu.

Niliogopa vile ambavyo sijawahi kuogopa nikiwa macho. Nikapiga kelele, haikutoka.

Nikarudi uani, au ua ulinirudia. Bibi sasa amenigeukia. Sura ni yake, ila haina furaha yoyote ya kuniona, na hilo liliniuma kuliko jukwaa. Pembeni yake kuna kigoda cha pili, kipya, na ngozi ya ng'ombe imetandikwa chini yake kama tunavyomtandikia mtu anayetoka mbali. Kikaango cha samli kimeepuliwa.

"Hicho ni cha nani, Bibi?"

"Cha mgeni wangu."

"Mgeni gani?"

Anachovya kidole kwenye samli, anapima joto lake kwenye kifundo cha mkono, vilevile alivyokuwa akifanya kabla ya kumpaka mtu sikioni.

"Mimi sikumwita," anasema. "Unamleta wewe."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nitafanya chochote. Nitavichoma vile vijiti, nitavifukia, nitachinja mbuzi, nitakesha kanisani. Nilisema mengi, ninavyojijua. Aliniacha nimalize, halafu nikasikia upande wa lango nyayo za mtu anayekuja bila viatu, anatembea taratibu kwa uchovu. Sikuthubutu kugeuka.

"Sema kilichobaki ndani," Bibi akasema.

"Watanionaje, Bibi?"

Nyayo zilikuwa zimeshafika nyuma yangu. Nikahisi joto la mtu mwenye homa mgongoni.

"Sema," akasema, na akasogeza kigoda.

Nikaamka nimeanguka kutoka kwenye kiti, bega chini, mdomo umejaa vumbi. Jogoo wanawika. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na Foibe amesimama pale na beseni, ananitazama.

"Kaka, ulikuwa unalia."

"Si malaria," nikasema. "Ni sikio. Mfungue kanga."

Aliingia ndani bila kuuliza. Nilisikia kanga inavutwa, kisha harufu ikanifikia hata mimi mlangoni. Upande wa kushoto wa uso wa mtoto ulikuwa umevimba mpaka jicho limezibika, na ndewe imekuwa nyeusi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku tatu nampa dawa ya malaria," Foibe akasema. "Siku tatu unanisikia namwomba Mungu, na wewe uko hapo nje."

Nikasogea nimwinue Sechelela. Foibe akanizuia kwa mkono.

"Usimguse."

Akambeba mwenyewe, binti mzima wa miaka ishirini, mpaka kwenye pikipiki ya jirani. Mimi nikafuata kwa nyingine. Njia nzima nilijipa moyo. Nilijiambia kwamba nimeshasema, nimetii, kazi imekwisha. Nilikuwa nimesema nusu, na nusu niliyoibakiza ndiyo Bibi aliyoitaka.

Hospitali tulipokelewa na daktari kijana, mwanamke mwenye macho mekundu ya kukesha. Akamlaza Sechelela, akamulika sikio, akaligusa kwa kidole chenye glovu, na mtoto akatoa mlio ambao nilishausikia jukwaani.

"Hii imeanza kuingia kwenye damu," daktari akamwambia Foibe. "Tunamwekea dripu sasa hivi. Lakini nataka nijue, humu ndani kumeingia kitu? Mti, mwiba, chochote? Kama kipo na sikitoi, dawa nitaimwaga bure."

Foibe akamwinamia binti yake. "Seche mama, kuna kitu ndani?"

Sechelela akafungua jicho moja, lile lililoweza kufunguka. Alinitazama mimi kwanza. Midomo ilikuwa imemkauka na kupasuka, na ilimchukua muda.

"Hakuna," akasema. "Nilijitoga mwenyewe. Mjomba hakuhusika."

Daktari akaanza kuandika. Foibe alishusha pumzi. Niliona bega lake linalegea, nikaelewa kwamba hata yeye, pamoja na hasira zake zote, angependa iwe hivyo, kaka yake asiwe ndiye. Ningenyamaza pale nisingeulizwa tena na mtu yeyote. Mtoto alikuwa amenifungulia mlango kwa pumzi aliyobakiwa nayo, na nilimpenda na nikajichukia kwa wakati mmoja.

"Anadanganya, daktari," nikasema. "Kuna kipande cha kiini cha bua la mtama. Kina urefu wa kucha hii. Kimevimba, kimelala kwa chini upande wa shingo. Nilikiweka mimi."