Baba Mikate na Kiu ya Gari

"Baba Mkubwa, unajuaje kama gari lina kiu?"

Nilimuuliza swali hilo nikiwa darasa la pili, nimesimama uani na mfuko wa shule mgongoni, nikimtazama akimimina oili kwenye injini ya lori lake dogo la mikate. Alipimia kikombe cha kahawa, kile kilichovunjika mkono ambacho Mama Mkubwa alikitupa na yeye akakiokota. Kila asubuhi kikombe kimoja. Alipangusa mdomo wa kikombe kwa kidole, kama mtu anayemfuta mtoto uji, akafunga boneti na kusema, "Panda, kengele ya shule haimsubiri mtu."

Baba Mkubwa ni kaka yake baba yangu, nami nimelelewa kwake. Mji mzima unamwita Baba Mikate. Anachukua mikate kiwandani kabla jua halijachomoza na kuisambaza kwenye maduka thelathini na mawili, na shule yangu iko baada ya duka la mwisho. Kwa hiyo tangu nianze kusoma nimeingia darasani nikinukia mkate, na nimeshakubali kuitwa Slesi.

Lile lori tuliliita Mzee Kikohozi. Lilikuwa na miaka mingi kunishinda mimi, na oili lilikuwa linainywa kweli, maana nusu lilikuwa linaivujisha na nusu linaichoma. Likikosa kikombe chake, kabla ya duka la kumi linaanza kugonga kama mgeni mwenye hasira. "Mzee huyu hana makuu," Baba Mkubwa alikuwa akisema. "Kahawa yake tu."

Mwaka huu Mzee Kikohozi akastaafu. Mfuga kuku mmoja alimchukua, na sasa kuku wanataga pale alipokuwa akikaa dereva. Baba Mkubwa akanunua pikapu mpya. Nasema mpya hasa! Saa yake ya kuhesabu mwendo ilikuwa inasoma kilomita kumi na mbili tu, na zilipofika kumi na tatu alisimama pembeni akatupigia simu nyumbani kutujulisha. Miaka thelathini ameendesha magari yaliyoanza maisha na watu wengine. Hili lilikuwa la kwanza kuanza naye.

Muuzaji alimpa siku thelathini. Akiona halimfai, alirudishe bila maneno. Zikipita, ni lake. Ndiyo maana hakutoa nailoni kwenye viti, na kila tukikata kona mimi niliteleza mpaka mlangoni kama sabuni bafuni.

"Nikilirudisha hili," alituambia siku ya kwanza, "sinunui tena gari lililotumiwa na mtu. Nitaacha kazi, nikae nyumbani."

Mama Mkubwa ni fundi cherehani, na cherehani yake iko barazani, kwa hiyo nyumbani ndiko ofisini kwake. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Ukae nyumbani na mimi? Unihesabie vifungo? Mungu ailinde hiyo injini."

Alicheka, lakini mimi nilijua kwamba hakuwa anatania sana. Baba Mkubwa bila njia yake ya mikate ni kama cherehani bila uzi: atazunguka, lakini hashoni kitu.

Sasa, kwenye kituo cha mafuta, karibu na pampu ya upepo, kuna benchi. Wenye magari ya aina ya pikapu yetu walikuwa wanakutana hapo jioni, na kazi yao ilikuwa moja tu: kubishana kama injini zake zinakufa au hazifi. Spika wa bunge hilo alikuwa Mzee Hakika, mbeba mchanga, aliyepewa jina hilo kwa sababu neno "labda" halijawahi kupita mdomoni mwake. Injini yake ilikuwa imekufa. Yeye mwenyewe alifika benchini kwa miguu, jambo lililompa heshima ya mfiwa.

"Tisa!" alitangaza jioni moja, nilipompelekea Baba Mkubwa miwani yake. "Zimeshakufa tisa mji huu."

"Tisa kati ya ngapi?" aliuliza nesi wa zahanati, ambaye alikuwa na gari kama lile na alikuja kujaza upepo.

"Kati ya zote."

"Zote ngapi?"

"Dada yangu, zote ni zote!"

Benchi likacheka. Muuza mbao mmoja akasema injini hazina kosa, kosa ni la madereva wanaoendesha kama wanafukuzwa na nyuki.

"Mimi nifukuzwe na nyuki na shehena ya mchanga mgongoni?" Mzee Hakika alisema. "Basi hao nyuki walikuwa wajawazito. Wewe bisha tu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Baba Mkubwa hakucheka. Kesho yake asubuhi nilimwona akiimiminia pikapu kile kikombe chake cha oili cha kila siku, akasita, akatazama injini kama anayemtazama mtoto aliyepauka, kisha akamimina cha pili. Ilikuwa hivyo kila siku, vikombe viwili. Siku ya ishirini na nne nikaona kwenye kioo moshi wa buluu unatufuata nyuma. Naye aliuona.

Usiku ule hakula vizuri. Mama Mkubwa akamwambia, "Wewe unaingia maduka thelathini na mawili kila siku. Badala ya kumsikiliza mtu mmoja wa benchini, si uulize?"

Akauliza. Aliteremsha kreti kwa mkono mmoja na swali kwa mwingine. Imekufa ya nani? Rangi gani? Uliiona, au umeambiwa? Mimi nilikuwa kitini nikisikia kila kitu, na nakwambia sijawahi kuchekeshwa hivyo na habari za vifo. Duka la nne walisema lilikufa moja jeupe kwenye mlima. Duka la saba, jeupe, sokoni. Duka la kumi na moja, jeupe, mbele ya mahakama, hakimu akiwa dirishani. Kila mara Baba Mkubwa aliuliza, "Kioo cha pembeni kimefungwa kwa utepe mwekundu?" Na kila mara, "Eeh, hilohilo! Umelijuaje?"

Lilikuwa la muuza mboga. "Gari moja limekufa mara tano," Baba Mkubwa alisema akipanda. "Hata paka hana roho hizo."

Kwa siku mbili zile tisa zikasinyaa zikawa tatu: la muuza mboga, la mchota maji na la Mzee Hakika mwenyewe. Na yaliyo mazima yalikuwa ishirini na mbili, ambayo hakuna aliyewahi kuyasimulia. Nani aende benchini kutangaza kwamba leo gari lake limewaka?

Tulipopeleka mikate ya zahanati, nesi alisikia hesabu hiyo akatikisa kichwa. "Ndiyo wodi ilivyo, Baba Mikate. Ukishinda ndani siku nzima unaona dunia yote inaumwa. Ukitoka getini unawakuta wazima wanakula muwa."

"Na lako unalitunzaje?"

"Nalipeleka kwa fundi akiniita."

"Na asubuhi? Ukifungua boneti unaangalia nini?"

Nesi akashangaa. "Boneti linafunguliwa wapi?"

Baba Mkubwa alitoka pale akihesabu kwa vidole. Watatu waliofiwa na injini walikuwa madereva wakongwe, watu wa miaka ishirini, thelathini barabarani. Wazima walikuwa kina nesi. "Inawezekanaje?" alinong'ona. "Wasiojua ndio salama?"

Jioni ile, zikiwa zimebaki siku tatu, alimuuliza Mzee Hakika mbele ya benchi zima: "Kaka, hebu niambie. Kabla halijafa, ulikuwa unalifanyia nini kila asubuhi?"

Mzee Hakika aliumia. "Unaniuliza kana kwamba sikulitunza! Mimi kabla sijagusa chai, gari langu limeshakunywa. Oili, glasi ndogo, kila siku ya Mungu, kama nilivyofanya kwa la zamani. Nikisikia fununu, naongeza."

Mchota maji akadakia, "Hata mimi. Kifuniko cha chupa ya chai."

Baba Mkubwa aliinuka pole pole. Mkono wake ulikuwa unaonyesha ukubwa wa kitu fulani hewani, na mimi nilikitambua: kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono.

Tukaenda moja kwa moja kwa Fundi. Fundi ni mwanamke mrefu mwenye gereji nyuma ya kituo, na maneno anayatoa kama anayauza bei ghali. Alichomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilipanda kupita alama ya juu mpaka karibu na kishikio. Akamtazama Baba Mkubwa.

"Nani amekuwa akilinywesha?"

"Mimi, mwanangu."

"Lilikuomba?"

Baba Mkubwa akatazama viatu vyake.

Fundi alituambia, na hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote nilizosikia, kwamba injini mpya hainywi kitu, na oili ikizidi, vyuma vinaipiga kama mtu anayepiga mayai mpaka inakuwa povu. Na povu halilainishi chuma.

"Mbona wale watatu hawakuambiwa na mafundi wao?" niliuliza.

"Waliwaambia mafundi kwamba wanamimina?"

Hawakuwaambia. Nani humwambia daktari kwamba anapumua?

Ilitoka oili ya kujaza chupa kubwa na ya pili mpaka nusu. Fundi alisikiliza injini ikiunguruma, mkono juu ya boneti, kwa muda ambao Baba Mkubwa hakupepesa macho. Moshi ulipungua, ukawa mwembamba, ukakata.

"Zima," alisema Fundi. "Umewahi."

Baba Mkubwa alitaka kumkumbatia, akakumbuka heshima, akamkumbatia muuza mbao aliyekuwa amesimama karibu. Mzee Hakika, aliyetufuata bila kualikwa, alijikuna kidevu. "Nilisema mimi. Kama halipo, laja."

"Lilikuja kwa sababu tumelibeba wenyewe, kaka!" Baba Mkubwa alimjibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mzee Hakika akasema, kwa sauti ndogo, "Labda." Benchi bado linaisimulia siku hiyo.

Zile chupa tulizipeleka nyumbani. Mama Mkubwa alipaka bawaba za milango yote, na cherehani haikuguswa kwa sababu alisema yeye hanyweshi kisichoomba. Sasa nyumba yetu haina mlango unaolia, na mimi siwezi tena kujua nani anaingia jikoni.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumamosi. Baba Mkubwa hakwenda kwa muuzaji. Alikaa uani na kisu kidogo, akakata nailoni ya viti, kiti baada ya kiti, akiivua kwa vipande virefu, nasi tukiishangilia kila inapochanika. Mama Mkubwa alikaa kiti cha mbele, akajisogeza huku na huku, akasema, "Kumbe ni kitambaa! Mshono wenyewe si mbaya."

Jumatatu nilimkuta uani kabla ya safari, mapema, gari halijawashwa. Kikombe kilikuwa dirishani na mche wa kitunguu ndani yake. Baba Mkubwa alikuwa amekishika kile kijiti, amekiinua kwenye mwanga, miwani puani.

Nikaweka mfuko chini. "Baba Mkubwa, unajuaje kama gari lina kiu?"

Aliniangalia, nikaona amelikumbuka swali na umri niliokuwa nao.

"Naliuliza, mwanangu," alisema. "Miaka thelathini nilikuwa namimina tu."