Weka Tu Hapo

Hebu mwone mwanamke mmoja amekaa kwenye kigoda kando ya njia iendayo shule, karai la mafuta mbele yake, vidole vyake vimevimba na kupinda kama tangawizi. Huyo ni Mama Nyanjiga, muuza maandazi wa kijijini kwetu Suguti.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinikataza kumpa mkono. "Vile vidole vinahamaga," alisema huku akichambua dagaa. "Yeye mwenyewe alishikana mkono na mtu aliyekuwa navyo. Ukimgusa, umevibeba."

Sasa, kwetu mtoto humsalimia mkubwa kwa mkono, na asiyeutoa huonekana hana adabu. Tukabuni ujanja. Tukifika kwake tulikumbatia madaftari kwa mikono yote miwili, tukasema shikamoo kwa mbali. Alipotaka kutukabidhi andazi, tulimwambia, "Weka tu hapo, mama." Alilitua juu ya kipande cha gazeti, akarudisha mkono, ndipo tukalichukua.

Asubuhi moja nilimkuta peke yake akihangaika na kifuniko cha kidumu cha mafuta.

"Njoo mwanangu, hiki kimenishinda."

Nilifunika kiganja kwa pindo la sketi, nikakifungua. Akacheka sana. "Hee! Na kidumu nacho kinaambukizaga?" Kisha akaninyooshea mkono kunishukuru.

Niliutazama ule mkono. Nikakimbia.

Kicheko chake kilikatika nyuma yangu. Hata watu wazima walikuwa wameanza kumwambia, "Weka tu hapo," na baadaye wakaacha kabisa kusimama pale. Haikupita muda, karai lake halikuonekana tena njiani. "Afadhali hukumgusa," bibi aliniambia, nami nikajiona nimeokoka.

Leo mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza mjini Musoma. Nikitoka shule napika maandazi mbele ya nyumba yangu, Mwisenge, kwa sababu mshahara wangu unangojwa na watu wengi. Miaka michache iliyopita vidole vyangu vilianza kuvimba. Daktari alisema ni baridi yabisi: kinga ya mwili imekosea, inashambulia maungio ya mwili wake wenyewe. Nilimwuliza, kwa aibu, kama mtu huupata ugonjwa huu kwa kushikana mikono. "Hapana, mwalimu," alisema.

Mkono ule sikuushika, na vidole vimekuja hata hivyo.

Nimechoka, sitaficha. Asubuhi siwezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Unga naukanda kidogo kidogo, nikipumzika katikati. Darasani chaki huniponyoka, na watoto, wakidhani ni mchezo, hugombania kuiokota. Kuna siku natamani kuacha kazi moja kati ya hizi mbili, lakini sioni ni ipi ninayoweza kuishi bila yake.

Juzi Mama Rehema, ambaye binti yake yuko darasani kwangu, alikuja kununua. Akaangalia vidole vyangu, kisha akatandika gazeti mezani.

"Weka tu hapo, mwalimu," alisema, kwa upole kabisa.

Nilibaki na lile andazi mkononi. Nilijua maneno hayo huishia wapi; nilikuwa miongoni mwa waliolizima karai la mwenzangu.

"Havihami, Mama Rehema," nilimwambia. "Na mimi niliwahi kukimbia mkono kama huu."

Alitazama chini. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea andazi, na kwa mkono wa pili akanibana vidole kwa nguvu, kama mtu anayetaka nione kwamba haogopi. Maumivu yalipanda hadi begani. Sikuuondoa mkono wangu.

Mama Nyanjiga alifariki kabla sijapata neno la kumwambia. Kwa hiyo nakuomba wewe ukumbuke jambo moja tu: ukikutana na vidole kama vyetu, toa mkono. Ila shika polepole.