Malkia Ambaye Wiebe Hakumsogeza

Wiebe Terpstra alizipiga kompyuta zake kama mtu apigavyo punda. Majirani zake hapa Deventer walizoea kusikia kibodi ikivunjikia ukutani. Kutwa alitengeneza pampu za maji. Akirudi, aliandika programu ya kucheza sataranji, akaiita Shoka. Mkewe, Aafke, alivumilia hadi siku kibodi iliyorushwa ilipompasua juu ya jicho. Akafungasha, akaenda kwa dada yake.

Shoka ilicheza kama mwenyewe: ilitoa kete zake kafara, ikamfukuza mfalme mpaka pembeni, ikamchinja. Lakini kila mwaka, kwenye mashindano ya programu za sataranji, ilishika nafasi ya pili, nyuma ya programu ya Gijs Lammers, muuza baiskeli.

Mwaka Aafke alipoondoka, walikutana raundi ya mwisho. Shoka ikishinda, ni bingwa wa Uholanzi. Mimi nilikuwa mwamuzi. Kwetu mtu ni mkono tu: mashine ikisema, unasogeza kete, hata ikisema upuuzi.

Katikati ya mchezo Shoka ikaamuru malkia ajitupe mbele ya askari. Wiebe akabung'aa.

"Imeharibika tena! Mbwa we!"

"Si uipige, bwana," Gijs akasema, mdomo umejaa jibini. "Kwako si ndivyo mnavyorekebishana?"

"Nyamaza, Gijs."

"Au ngumi zako ni za Aafke tu?"

Nilikuwa nainuka kumwonya Gijs, ngumi ikashuka. Bati likabonyea, skrini ikazimika. Wiebe aliwasha, akatikisa, akalaani. Mashine haikuamka, na saa yake mezani ilizidi kukimbia hadi muda ukamwishia, akashindwa.

Gijs akaegemea nyuma kucheka. Hapo Wiebe akaiona skrini ya mwenzake. Ilikuwa imeshahesabu: malkia yule akijitoa, mfalme wa Gijs hana pa kukimbilia.

Akaruka juu ya meza. Alimpiga Gijs mdomoni, akampiga tena, damu ikarukia ubao na kete zikamwagika. Tulimng'oa juu yake kwa nguvu.

"Ulijua!"

"Nilijua." Gijs akatema jino. "Mkono ulikuwa wako, ndugu yangu."

Nilimfungia Wiebe mashindano maisha yake yote. Gijs alipokea kombe akiwa na pamba mdomoni.

Kabla hajatoka, Wiebe aliinama chini ya meza, akamwokota malkia, akamfuta damu kwa shati. Akataka kumweka pale Shoka iliposema. Vidole vilikuwa vimevimba. Malkia akamponyoka, akabingirika.