Nyungo saba ukutani na utani ulioniponza

Admin, usiweke jina langu wala picha, maana huku kwetu Ngumbo wanaofuata ukurasa huu ni wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, fundi cherehani. Nimezaliwa Mbinga kwenye kahawa, nikaolewa huku ziwani mwaka jana. Mume wangu hupaka rangi boti kule Lituhi na hurudi Jumamosi.

Tulipohamia nyumba yetu mpya, kuta zilikuwa tupu, ukikohoa sebule inaitikia. Picha za fremu nilizoziona madukani Mbinga bei yake ilinishinda. Siku moja kwenye simu nikaona sebule ya watu wametundika nyungo zilizopakwa rangi, nikasema hii naiweza. Nikapita kwa akina mama kuomba nyungo mbovu, zisizofaa tena kupepetea. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, ungo usiopepeta wa nini?" Nikamwambia wa kupendezesha nyumba, akanipa wake. Nilipata saba. Nikazipaka masalio ya rangi za mume wangu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwamba hizo ni rangi za waganga sikuwaza hata kidogo, mimi niliona rangi za boti. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyegonga misumari, na akasifia.

Jirani yangu, nitamwita Mama K, akaja kuomba chumvi. Akasimama mlangoni, hakukaa. "Shoga, zote hizi unaenda nazo wapi?"

Na mimi kwa mdomo wangu usiojua kutulia nikamjibu, "Ndiyo ndege zangu hizo. Nikikumbuka nyumbani napanda moja, asubuhi nimesharudi." Nikacheka peke yangu. Yeye alichukua chumvi akaondoka.

Siku ya nne mwanawe akashikwa na degedege, akakimbizwa hospitali. Tangu hapo wateja wanakuja kuchukua vitambaa ambavyo hata sijavikata. Kisimani wananipisha kana kwamba nina upele. Nikisalimia watoto, mama zao wanawaita ndani. Maneno yakafika mpaka Lipingo kwa mama mkwe, akanipigia simu.

"Mwanangu, uliyasema au hukuyasema?"

"Shikamoo mama. Niliyasema, lakini ulikuwa utani."

 Akasema, "Utani huo angeutania asiye na nyungo ukutani."

Nilimwombea yule mtoto kuliko nilivyowahi kumwombea mtu yeyote, na sitawadanganya, nilikuwa najiombea mimi. Alhamisi hofu ikanizidi, nikazishusha zote mchana, mlango ukiwa wazi, nikazisukuma chini ya kitanda. Ijumaa tukapata habari kwamba mtoto ameamka na ameomba uji. Nilipiga magoti nikalia kwa furaha. Nikiwa bado chini, nikamsikia mwanamke anayepita dirishani akimwambia mwenzake, "Si amezishusha jana? Leo mtoto mzima. Amemwachia mwenyewe."

 Kumbe hata kupona kwake ni ushahidi dhidi yangu.

Mwenyekiti wa kitongoji ameniita Jumatatu nikajieleze mbele ya watu, na wapo wanaosema maelezo hawayahitaji. Mume wangu amerudi leo. Amekula, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Lakini kwa nini ziwe saba?" Nikamwambia ndizo nilizopata. Akasogeza kiti chake karibu na mlango. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana misumari aliigonga yeye.

Ndugu zangu, nawasihi mniambie la kufanya kabla ya Jumatatu. Nikizichoma, moshi utaonekana. Nikizitundika tena, siku mtoto wa mtu akikohoa nimekwisha. Nimefikiria kukimbilia kwetu Mbinga, lakini nikiondoka bila kuonekana stendi, watauliza nimesafiri na nini.