Ile Koti ya Mvua Isiyo na Mutu Ndani

Juzi umeme ulikatika, jirani yangu akawasha grupu yake, ile mashine ya umeme ya kuvuta kwa kamba, na moshi ukaingia kwangu kwa dirisha bila hodi. Harufu ya esanse, yaani petroli, na ndani yake harufu ya vumbi lililopata moto. Mimi nilikuwa natoa mawe katika maharage. Mikono ikasimama. Nikajikuta nacheka peke yangu, mwanamuke muzima mwenye wajukuu wawili, kwa sababu kwangu ile harufu haijawahi kuwa ya mashine. Ni harufu ya siné, nyumba ya filme. Ni harufu ya dimanche, Jumapili, saa nane muchana, kibao cha kukalia kichwani, mbio, na moyo unaotaka kuitangulia miguu.

Nitawaelezea polepole, na mukiona nimetoka barabarani mungoje, nitarudi. Shule niliiacha mwaka wa nne, vita ndiyo ilinifungia daftari, kwa hiyo ninaandika vile ninavyosema.

Siné yenyewe ilikuwa Nguba, chini, karibu na ziwa. Zamani ilikuwa depo ya chupa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, televizio ikawekwa juu ya pipa, na nyuma ya ukuta grupu ililia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Mwenyewe aliitwa Tonton Zefu, tonton ni kama kusema mujomba, mutu wa shingo ndefu, aliyekuwa mupiga ngoma wa kwaya ya parokia mbele vita haijafika. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televizio, fimbo mukono mumoja, mukono mwingine faneli ya kumiminia mafuta, na kupitia ile faneli alitupatia filme kwa Kiswahili. Maana kasete zilisema Kiingereza, na Kiingereza hakuna aliyekijua mule ndani, Tonton Zefu mwenyewe akiwa wa kwanza.

Hiyo haikumuzuia hata dakika moja. Wazungu wake walikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Wabaya wake walisimama kwenye bariyeri wakiomba watu kitambulisho, na sisi tuliwatambua mara moja. Muzungu akimubusu mwanamuke, Tonton alisema, "Anamupuliza jicho, vumbi imeingia," kwa sababu watoto tulikaa mbele. Miaka mingi niliamini kwamba Ulaya iko na vumbi kali sana. Bibi yangu alikuwa akisema macho hayana pazia. Kweli, lakini masikio yetu yalikuwa na Tonton Zefu.

Kila mutoto alikuja na kiti chake, hiyo ilikuwa sheria. Wengine walileta bidon ya maji, wengine tofali. Rafiki yangu Sifa alileta sufuria ya mama yao akaikalia kifudifudi, ikabonyea, na akapata yake nyumbani. Lakini mimi na mudogo wangu Bahati tulikuwa na kibao cha mbao, cha watu watatu, kilichopigwa randa mpaka kinateleza. Tulikifikisha kutoka kwetu Muhumba kichwani kama mutu anayebeba zawadi ya arusi. Nafasi ya tatu niliitawala mimi. Aliyenikosea hakukaa.

Papa, baba yetu, ndiye alikitengeneza. Papa alikuwa seremala, na hapa sasa lazima nitoke barabarani kidogo. Wakati wa ile vita ya pili watu hawakuagiza tena makabati wala vitanda. Waliagiza kitu kimoja, kirefu, na Papa alikitengeneza nyuma ya nyumba, mahali alipotukataza kwenda. Tulisikia randa tu. Alitengenezea majirani wote. Kwake mwenyewe hakutengeneza, kwa sababu hakuwa na cha kuweka ndani.

Maman yetu alipanda boti kwenda Minova kutafuta maharage, na ile wiki vita ikafunga ziwa. Boti zilisimama. Kisha zilianza tena kutembea, na maman hakushuka. Siku moja mwanamuke muuza viazi, aliyefika kwa miguu kutoka kule, alikuja akaongea na Papa nyuma ya nyumba muda murefu. Papa akarudi ndani, akanawa uso, akasema, "Maman yenu iko njiani. Kila jioni mumuwekee chakula chake."

Tukaweka. Sahani ya bati yenye maua mekundu, sahani nyingine juu yake. Asubuhi, mbele ya kwenda kuchota maji, mimi na Bahati tuliila ile bugali, baridi, ngumu kama sabuni. Kilio hakikufanyika. Majirani hawakuja kukaa kwetu uani. Na sisi hatukulia, maana mutu aliye njiani haliliwi, utamufungia njia. Bibi angekuwa hai angesema ile yake nyingine, kwamba muficha maradhi kilio humufichua. Lakini bibi alishakufa, kwa hiyo hakuna aliyesema.

Narudi barabarani. Dimanche moja, tumeshakaa, Tonton Zefu akapandisha faneli. "Leo karate hakuna. Leo iko filme ya batoto."

Tukazomea. Bahati, wa miaka sita, alizomea kuliko wote.

Halafu ilianza, na nawaambia, mule ndani hata wenye kikohozi walipona. Kulikuwa na musichana wa kama miaka yangu, kumi na moja, Tonton akamuita Nsimire. Anaishi na papa yake, papa asiyeongea, na shangazi wa kupika. Na mulangoni, kwenye musumari, kuna koti ya mvua ya rangi ya manjano isiyovaliwa na mutu. "Ile koti ni ya maman yake," Tonton akasema. "Maman alisafiri." Siku moja upepo unaingia kwa dirisha, koti inajaa, inatikisika, inashuka yenyewe kutoka kwenye musumari. Kichwa hakuna. Miguu hakuna. Ndani hakuna mutu. Lakini inatembea, na mukono wake mutupu unamushika Nsimire mukono, na wanatoka.

Wandugu zangu, niseme nini. Walifika nchi ambako mvua inatoka kwenye udongo na kupanda mbinguni. Samaki waliogelea juu ya paa za nyumba. Walipanda mulima, na ule mulima ulikuwa unapumua kama ngʼombe aliyelala, ukaamka, ukawabeba mugongoni. Mimi nilisimama juu ya kibao bila kujua. Bahati alikuwa anatafuna mukono wa shati langu. Tonton Zefu alikuwa anaruka huku na huku na fimbo yake, jasho linamutoka, anasema sauti ya mulima, anasema sauti ya samaki.

Mwishoni walifika muto, na maji yake yalipanda kuelekea juu ya kilima. Ngʼambo kule kuna mutu amesimama, ametupa mugongo. Nsimire anafungua mudomo kuita. Kasete ikaisha.

"Ya pili ni dimanche ijayo," Tonton akasema, na nadhani ile siku alikuwa karibu kupigwa na watoto themanini.

Ile wiki haijaniishia mpaka leo. Kwenye bomba la maji tulibishana mpaka ndoo zikajaa na kumwagika.

"Yule ni maman yake," nilisema.

"Yule ni mwizi wa makoti," Sifa akasema. "Koti haina kichwa, na wewe unayeiamini huna pia."

"Utaona dimanche. Na usije na sufuria."

Bahati ndiye alipata wazo, usiniulize wapi. Tulikuwa tunabeba maji, akasimama katikati ya njia. "Yaya," akasema, maana kwetu dada mukubwa ni yaya, "maman wa Nsimire akigeuka akirudi nyumbani, basi na wetu atarudi." Sikumucheka. Nikamwambia ndiyo, iwe hivyo. Tukapeana mukono juu ya hilo, kama wafanya biashara.

Kuanzia pale tulikuwa wagonjwa wa furaha. Nilifagia nyumba mara mbili kwa siku. Bahati aliongeza bugali kwenye sahani ya maman, akisema mutu wa safari ndefu anashiba kwa shida. Papa aliangalia, akarudi kwenye randa yake. Na Bahati hakuweza kufunga siri, aliisema kwa Sifa, kwa mufua nguo, kwa mbwa, na siku ya vendredi, Ijumaa, alimukuta Tonton Zefu njiani akamwambia pia: "Tonton, dimanche maman yetu atarudi. Uko na kasete yake."

Tonton alijikuna sikio. Kila siku alikuwa na utani kwa kila mutoto, lakini siku ile alisema tu, "Ah, Bahati," akaenda.

Kesho yake, samedi, tulilala tumboni chini ya ukuta wa siné, maana Tonton aliangalia kila kasete peke yake mbele ya kutuonyesha. Tulisikia grupu, tulisikia muziki, hatukusikia neno. Kisha grupu ikazimika. Tonton akatoka, akatupita bila kutuona, akapanda kuelekea Muhumba. Tulimufuata kwa mbali. Akaingia nyuma ya nyumba yetu. Randa ikanyamaza. Ikakaa kimya muda murefu sana.

"Anaagiza kibao kama chetu," nikamwambia Bahati, na nilivimba kichwa.

Dimanche tukafika wa kwanza. Na nani anakuja nyuma yetu, amevaa shati la misa? Papa. Papa hajawahi kukanyaga siné, alisema ni mahali pa kupotezea macho. Alikaa kwenye nafasi ya tatu ya kibao alichotengeneza mwenyewe, magoti yakamufikia kidevu. Sifa aliangua kicheko. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilijiambia, amekuja kumupokea maman.

Filme ikaanza. Nsimire na koti wanavuka muto, maji yanapanda, samaki wanawabeba. Sisi tunapiga makofi. Yule mutu wa ngʼambo bado ametupa mugongo. Nsimire anakimbia kwenye majani, anakimbia, anafika, anamushika begani.

Hakuna mutu. Ilikuwa mti mukavu wenye nguo. Na koti, ile koti ya manjano, inakaa chini kwenye majani polepole, kama mutu aliyechoka, upepo unatoka ndani yake, inalala. Nsimire anaiangalia. Halafu anapiga magoti, na anaanza kulia.

Tulingoja. Faneli ilikuwa mudomoni mwa Tonton na haikutoa kitu.

"Tonton, anasema nini?" mutoto mumoja akauliza.

"Hasemi kitu," Tonton akajibu. "Analia."

Bahati akasimama. "Kwa nini analia kama maman yake anarudi?"

Tonton Zefu, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, aliyeweza kusemea mulima, alishusha faneli. Hakumuangalia Bahati. Aliangalia kibao chetu. Na Papa, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu wote, akasema, "Kwa sababu harudi, mwanangu. Maman harudi."

Sitaki kuwadanganya kwamba nilielewa kila kitu. Nilielewa tu kwamba Papa haongei juu ya maman wa Nsimire. Bahati akalia kwa sauti. Mimi nikafuata. Na halafu, hiki ndicho sijawahi kuona tena, Sifa akaanza, aliyekuwa na kaka asiyerudi kutoka porini. Akafuata wa bidon, akafuata wa tofali. Watoto themanini. Ndani ya televizio Nsimire alivaa ile koti, mikono yake ikaburuta chini, akarudi kwao kwenye mvua, na hakuna aliyemuangalia. Kila mumoja alikuwa na wake. Papa alitukumbatia wawili, mikono yake inanuka mbao. Ndiyo kilio chetu kilifanyika vile, katika depo ya chupa, miezi saba nyuma ya siku yake.

Mwaka jana binti yangu, aliyesoma Kiingereza, aliitafuta ile filme kwenye simu. Alikaa nayo, mimi nikamweleza jinsi ilivyokuwa. Akanitazama. "Lakini mama, hapa wanasema koti ni ya babu yake. Maman yake iko, ndiye yule anayepika." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ndani ya filme nzima yule mwanamuke alikuwa anapita na sufuria zake, na Tonton Zefu alitwambia ni shangazi.

Alikosea, ao alitaka, sijui. Ile dimanche ya kwanza labda alikosea tu, kama kawaida yake. Lakini ya pili alikuwa ameona mwisho, na kwake ilikuwa kazi rahisi kusema kwamba maman amejificha nyuma ya mti, anakuja. Tungeamini. Tungekula bugali baridi miaka mingine. Badala yake alipanda Muhumba kumwambia seremala kwamba dimanche kuna jambo ambalo faneli haiwezi kulisema, aje alisemee yeye. Hakuenda kuagiza kibao. Kibao chetu kilibaki kimoja tu, na ninacho mpaka leo.

Jioni ile Papa alipika mwenyewe. Nilichukua sahani ya maua mekundu kama kawaida, nikatafuta ya kuifunikia. Papa akanizuia mukono. Akaigawa ile bugali ya maman sehemu tatu, yangu, ya Bahati, na yake, moshi bado unatoka. Tukala. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kula sehemu ya maman ikiwa ya moto.