Soseji Iliyovuka Mlima Mara Mbili

Ninachokwenda kusimulia hutakiamini, wala sikulaumu. Mimi nilikuwepo, na kuna asubuhi naamka nakitilia shaka. Lakini shemeji yangu Imeda yuko hapa hapa, ng'ambo ya meza, anachonga mpini wa kisu na kujifanya hasikii ninavyojisomea huku naandika. Ukinishuku, muulize yeye. Mimi nimesoma madarasa sita tu, ila sita yangu ni sawa na kumi ya wengine.

Imeda alimwoa dada yangu Mzevinari, na hajanishukuru hadi leo. Amechunga kondoo tangu alipokuwa mfupi kuliko mbwa wake. Masika anawapandisha kutoka tambarare za Alvani, kuvuka mlima wa Abano penye theluji, hadi bondeni kwetu Tusheti, vuli anawashusha. Miaka hamsini na mbili. Magoti yake yanalia kama kuni mbichi motoni. Tena si msemaji: ukimuuliza jambo asubuhi malishoni, jibu utalipata jioni, nawe umeshasahau swali.

Kila kiangazi tuna sikukuu ya madhabahu, na sikukuu haifanyiki bila pombe ya shayiri. Anayeipika ni mtu mmoja, tunamwita shulta. Siku yenyewe anasimama kwenye jiwe jeupe na kombe la fedha; mwanamume atakayelipokea na kulinywa ndiye shulta wa mwaka ujao. Asipotokea mtu mpaka kivuli cha mnara wa kijiji kifike kwenye jiwe, sufuria kubwa ya shaba inafunikwa kifudifudi, na kijiji hakina sikukuu tena. Vijiji viwili vya jirani vimeshafunika za kwao. Imeda alikuwa amebeba kazi hiyo miaka mitatu mfululizo, na wa nne hapewi mtu yuleyule.

Basi mwaka jana alipika kama mtu anayeaga. Akionja kimea, akichochea, akipima joto kwa kiwiko. Mwanamke hakanyagi pale, kwa hiyo dada yangu alisimama mbali, nyuma ya ukuta wa mawe, akipiga kelele.

"Imeda! Moto mkubwa huo!"

"Mdogo."

"Naona moshi mimi!"

"Moshi huo ni kaka yako, anavuta tumbaku."

Nilikuwa nasimamia. Kazi ngumu pia hiyo.

Siku moja kabla ya sikukuu akaja mwanawe, Zezva, fundi majokofu huko mjini. Miaka tisa hajapanda. Gari lililomleta likamshusha na kuendelea na safari. Imeda akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama.

"Mjomba," Zezva akaniita, amefungua begi, "zile ulizoniagiza hizi hapa."

Akatoa soseji. Za nguruwe. Zenye kitunguu saumu, zimefungwa kwenye gazeti.

Sasa elewa. Huko chini Alvani sote tunakula nguruwe na kulamba vidole. Lakini nyama hiyo haivuki Abano. Haipandi kwetu hata kwa bahati mbaya, seuze penye pombe ya madhabahu. Nami kwenye simu nilisema "soseji" tu, sikusema za nini, nikijua mtoto wa kwetu hahitaji kuambiwa. Nilisahau kwamba miaka tisa ni mingi.

"Nani kakuagiza?" Imeda akauliza.

Zezva akanitazama. Mimi nikautazama mlima. Ulikuwa mzuri sana siku ile.

"Hakuna, baba. Nimejiletea mwenyewe."

"Basi zirudi zilikotoka."

"Nizitupe mtoni?"

"Mto ni wetu."

"Nimpe mbwa?"

"Mbwa ni wetu pia."

Farasi hawezi kubebeshwa kitu kile. Kwa hiyo mpwa wangu, na viatu vyake vya mjini, akaziweka soseji begani na kuanza kuupanda mlima kwa miguu. Dada yangu alilia. Kisha akanikaribia, akaninong'oneza, "Elizbar, soseji za kitunguu saumu katika ukoo huu anazipenda mtu mmoja tu." Sikulala vizuri.

Kesho yake Imeda akasimama kwenye jiwe na kombe lake. Kivuli cha mnara kilikuwa kimebakiza hatua kumi. Mwanamume mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwingine akasema ana kazi Ujerumani. Wa tatu akakohoa, akasahau kuacha kukohoa. Imeda akanigeukia mimi. Nikakagua kamba za viatu. Ukweli ni huu: nina mdomo wa kunywa, sina subira ya kupika, na mtu anayejifunza kupika kwa sufuria ya madhabahu atawaumiza watu wengi matumbo. Kivuli hatua tatu. Imeda akalinyoosha kombe tena mbele ya kila mtu, kama anayeomba, pombe ikimmwagikia vidoleni. Sijawahi kumwona vile, hata mwaka ule maporomoko ya theluji yalipomchukulia kondoo mia.

Ndipo Zezva akatokea, ameloa kuanzia kichwani. Alikuwa ameoga mtoni kwanza, kama anavyotakiwa aliyegusa nguruwe. Hivyo alikuwa hajasahau yote. Anachechemea, soli moja imebaki huko juu.

"Umezipeleka wapi?" Imeda akauliza.

"Ng'ambo ya Abano, baba. Nimewapa watengeneza barabara. Wanasalimia."

Watu wakacheka, Zezva akalinyooshea kombe mkono. "Lete."

"Unajua unachokiomba? Ni kupanda kila mwaka. Ni kulala na moto."

"Joto nalijua, ndiyo kazi yangu. Na kama nimeweza kuuvuka mlima kwa ajili ya soseji, nitashindwa kuuvuka kwa ajili ya pombe?"

Kivuli kikagusa jiwe, kombe likiwa mkononi mwake tayari. Imeda akaketi chini palepale na kunyoosha magoti, anacheka peke yake bila sauti. Mwaka huu ndiye aliyesimama nyuma ya ukuta na dada yangu, wakimpigia Zezva kelele za moto.

Na kunywa! Nyie, mpwa wangu alilinywa lile kombe, lita tano kamili, kwa pumzi moja, bila tone kuanguka, na milima yote saba ikaitikia, na tai wawili wakashuka wakatua kwenye beg—

"Shemeji," Imeda kaweka kisu mezani, "lita ngapi?"